Garrincha, matege yaliyowatesa mabeki

Kitabu cha maisha ya Garrincha nimekimalizia kivulini, stesheni ya Kahe. Jamaa kazaliwa 1933, Pau Grande, Brazil, miguu yote miwili imepindia upande mmoja. Alikuwa kibarua kiwanda cha nguo, akiichezea timu ya kiwanda. Botafogo wakamchukua 1953. Akabeba Kombe la Dunia 1958, na 1962 Pelé alipoumia, yeye ndiye aliyeivusha Brazil. Beki anajua kabisa jamaa atapita kulia, na bado anapitwa! Wakicheza yeye na Pelé pamoja, Brazil haikufungwa hata mechi moja. Aliyemfunga ni pombe. Akafariki Januari 20, 1983, miaka 49, mfukoni hana kitu. Jeneza likawekwa Maracanã, maelfu wakaja kumuaga. Sijui walikuwa wapi kabla.