Al-Zahrawi: Tabibu wa Andalus Aliyewafikiria Kina Mama

Hebu nikuulize kabla adhana ya magharibi haijakufikia: wamjua Abul-Qasim Khalaf ibn al-Abbas al-Zahrawi? Wazungu walimwita Abulcasis, na wengi wao humhesabu kuwa baba wa upasuaji. Sisi je? Wengi wetu tumemaliza madrasa bila kulisikia jina lake.

Jina la al-Zahrawi latokana na Madinatu-Zahra, mji wa kifalme karibu na Cordoba, au Qurtuba kwa Kiarabu, huko Uhispania. Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936, na wanahistoria huweka kuzaliwa kwa tabibu wetu karibu na mwaka huo. Alitibu watu kwa karibu miaka 50, kisha mnamo mwaka 1000 akakamilisha kitabu chake, At-Tasrif. Kina sehemu 30, idadi ambayo mwezi huu haiwezi kukupotea! Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake alichora vyombo kama 200, kila kimoja na kazi yake.

Sasa sikiliza vizuri, hasa wewe dada yangu. Katika sehemu hiyo aliwaandikia wakunga. Alieleza mtoto akija kwa miguu au kwa mkono afanyiwe nini, na akachora chombo cha kufungulia njia ya uzazi ili mama aliyefiwa na mtoto tumboni aokolewe. Na mwanamke mwenye jiwe kwenye kibofu, akiona haya kupimwa na mwanamume, alisema atafutwe tabibu mwanamke au mkunga hodari, afanye kazi kwa kuelekezwa. Umeona hapo? Hakusema mama akae na maumivu kwa sababu ya haya. Haya aliiheshimu, na tiba ikapatikana.

Kuna kisa kimoja alichokishuhudia mwenyewe. Mama mmoja alishika mimba, mtoto akafia tumboni. Akashika nyingine, na huyo pia akafa. Baada ya muda mrefu kitovu kikavimba, kikapasuka na kutoa usaha. Al-Zahrawi akatia dawa, jeraha halifungi. Siku moja ukatoka mfupa, baadaye mwingine. Akashangaa, maana tumbo halina mifupa. Alipofikiri sana akatambua kuwa ni mifupa ya mtoto aliyekufa. Akaitoa mingi, na yule mama akaishi. Madaktari wa leo huihesabu habari hii miongoni mwa maelezo ya mwanzo ya mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba.

Kwa upande wa saratani, alikuwa mkweli mpaka utashangaa. Alifunza kwamba uvimbe ukiwa mdogo na mpya, mahali unapoweza kutolewa wote, kama kwenye titi, utolewe. Ukishakuwa mkubwa na wa siku nyingi, usiguswe. Akakiri kuwa wa namna hiyo hakuwahi kumponya hata mmoja, wala hakumwona aliyeponya. Ni matabibu wangapi wanaoweza kuandika hivyo juu ya nafsi zao?

Alifariki mnamo mwaka 1013. Wakati huo fitna ilikuwa imeichoma Qurtuba, na Madinatu-Zahra imekuwa magofu. Lakini kitabu kilibaki. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, nao Wazungu wakaisomea kwa mamia ya miaka.

Ndugu msomaji, leo tiba ina mengi asiyokuwa nayo al-Zahrawi. Uvimbe mkubwa hautibiwi tena kwa kisu peke yake. Saratani ya shingo ya kizazi yaweza kugunduliwa hata kabla haijawa saratani, na tangu mwaka 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 kuwakinga nayo. Lakini lile la kuwahi halijabadilika. Wako mama zetu wanaoficha uvimbe au damu isiyo ya kawaida mpaka mambo yameharibika, eti ni aibu. Kama ni aibu, muombe daktari mwanamke, lakini nenda. Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha tujitibu.

Basi usiku huu baada ya tarawehe, kaa na mamako umuulize kwa upole kama amewahi kupimwa. Na wewe unayesoma sayansi shuleni, dada hasa, nafasi ya yule tabibu mwanamke bado yakungoja.

Allah atuponyeshee wagonjwa wetu na atutakabalie funga zetu. Amin.