Dakta Kitasato, Mwanafunzi Aliyeufuata Ugonjwa Hadi Mzizini

Mhariri amenitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye kijana aweza kupata funzo kwake. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha madaktari wanaorudi chuoni kusomea shahada ya pili katika elimu ya maradhi, nimemchagua mtu wa kazi yetu: Dakta Kitasato Shibasaburo wa Japani.

Kitasato alizaliwa mwaka 1853 katika kijiji cha milimani, kisiwani Kyushu. Alianza kusomea udaktari mjini Kumamoto kwa mwalimu Mholanzi, akaendelea Tokyo, akahitimu mwaka 1883 na kupata kazi serikalini. Wengi wangeona safari imekwisha. Lakini kujua jina la ugonjwa si kujua jinsi unavyomwua mtu. Mwaka 1885 serikali ilimpeleka Ujerumani kuongeza elimu, akaingia katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882.

Siku zile Japani ilisumbuliwa sana na ugonjwa wa beriberi. Bwana Ogata Masanori, ambaye alimfundisha Kitasato elimu ya vijidudu huko Tokyo, alitangaza kuwa amekipata kijidudu kinachouleta. Kitasato aliupima ushahidi ule, akaona hautoshi, akaandika hivyo hadharani. Wakubwa kadhaa wa Tokyo walimwona mtovu wa shukrani, na chuki hiyo ilimngoja miaka mingi. Leo twajua kuwa beriberi haina kijidudu. Huletwa na upungufu wa vitamini B1, ambayo huondoka pamoja na pumba mchele unapokobolewa sana.

Kazi yake kubwa ilikuwa juu ya pepopunda. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier alikwisha kuonyesha kuwa udongo ukitiwa mwilini mwa mnyama waweza kuleta ugonjwa huo, lakini hakuna aliyeweza kukiotesha kijidudu chake peke yake. Kila mara kilichanganyika na vingine. Kitasato aliupasha moto mchanganyiko huo kwa nyuzi 80 za Sentigredi. Vijidudu vingine vilikufa, mbegu za pepopunda zikavumilia. Kisha akaziotesha ndani ya hewa ya haidrojeni, kwa sababu kijidudu hiki hakistawi penye oksijeni. Mwaka 1889 alikipata safi.

Hapo mtu mwingine angepumzika. Kitasato alizidi kuuliza: ikiwa kijidudu hubaki pale penye kidonda, mbona mwili wote hukakamaa? Alichuja maji ya mahali kilipooteshwa hata pasibaki kijidudu kimoja, akawachoma wanyama sindano ya maji hayo, nao wakapata pepopunda vile vile. Basi chenye kuua ni sumu. Baadaye wataalamu walikuja kujua kuwa sumu hiyo hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, ikazuia amri ya kuilegeza misuli. Ndiyo maana taya hufunga na mgongo ukapindika.

Ukishajua silaha ya adui waweza kuitafutia ngao. Kitasato na mwenzake Emil Behring waliwazoesha sungura sumu hiyo, wakachukua maji ya damu yao na kuwapa panya, na panya wakaokoka. Waliitangaza habari hii kwa pamoja mwezi Desemba 1890, katika makala iliyotaja pepopunda na dondakoo. Mwaka 1901 zawadi ya kwanza ya Nobel ya udaktari ilitolewa kwa kazi ya tiba hiyo. Alipewa Behring peke yake.

Kitasato alirudi kwao mwaka 1892. Chuo kikuu hakikumfungulia mlango, lakini mwalimu Fukuzawa Yukichi alimsaidia kuanzisha taasisi ndogo ya maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1894 alikwenda Hong Kong kuchunguza tauni. Yeye na Alexandre Yersin walitoa habari za kijidudu chake karibu wakati mmoja, lakini maelezo ya Kitasato yalikuwa na mambo yaliyopingana, na leo kijidudu kinaitwa kwa jina la Yersin. Kipimo alichompimia Ogata kilimrudia yeye mwenyewe, na ni haki.

Mwaka 1914 serikali iliihamishia taasisi yake chini ya chuo kikuu bila kumshauri. Alijiuzulu, wasaidizi wake wakamfuata, akaanzisha nyingine kwa fedha zake. Alifariki tarehe 13 Juni, 1931. Tangu mwaka 2024 sura yake imo katika noti ya yen 1,000 ya Japani.

Vijana, msidhani mtu huyu hakujua heshima. Koch alipofariki mwaka 1910, Kitasato alimjengea hekalu dogo la kumkumbuka. Wahenga walisema heshima si utumwa. Mwalimu hustahili shukrani, bali mgonjwa hustahili ukweli, na katika elimu ya maradhi mgonjwa ndiye wa kwanza. Wanafunzi wangu wanaposita kupinga jambo nililolisema mimi, ingawa ushahidi wanao mkononi, huwasimulia habari za beriberi.

Nanyi mkichomwa msumari na kupelekwa zahanati, au mkimwona mama mjamzito akipata sindano ya pepopunda kliniki, mkumbuke kuwa kinga hiyo ilitokana na swali alilouliza mwanafunzi mgeni, baada ya wengine kudhani kazi imekwisha.