Saint-Exupéry: namba 2734 iliyotoka chini ya bahari

Kwa karibu miaka 60 hakuna aliyejua Antoine de Saint-Exupéry alifia wapi. Asubuhi ya tarehe 31 Julai 1944, mwandishi huyo wa Le Petit Prince, kitabu kinachofahamika kwa wengi waliosoma Kifaransa shuleni, aliruka peke yake kutoka Borgo, kisiwani Corsica. Alitumwa kupiga picha za maeneo yaliyoshikwa na Wajerumani upande wa Grenoble na Annecy. Hakurudi.

Alizaliwa Lyon mwaka 1900. Kuanzia 1926 alikuwa rubani wa kampuni ya Latécoère, iliyosafirisha barua kati ya Toulouse na Dakar. Mwaka uliofuata alikabidhiwa kituo cha Cap Juby, pembeni mwa Sahara, ambako sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwatafuta wenzake walioanguka jangwani na kuokoa ndege zao. Desemba 1935 ikawa zamu yake: alianguka katika Jangwa la Libya pamoja na fundi wake André Prévot, kiu ikakaribia kuwaua kabla Mabedui hawajawaokoa. Mwaka 1938 alianguka tena, huko Guatemala.

Mwili ulibaki na majeraha. Mwaka 1943, akiwa na miaka 43, hakuweza hata kuvaa nguo za rubani bila kusaidiwa, lakini aling'ang'ania kurushwa P-38 Lightning, ndege ya Marekani iliyoondolewa bunduki na kuwekwa kamera. Aliharibu moja wakati wa kutua, wakubwa wakamsimamisha. Alihangaika miezi mingi hadi Jenerali Ira Eaker alipomruhusu safari 5 tu. Alizipita.

Septemba 1998, mvuvi Jean-Claude Bianco alikuta bangili ya fedha ndani ya nyavu zake karibu na kisiwa cha Riou, jirani na Marseille. Ilikuwa na jina la rubani huyo na la mkewe Consuelo. Wapo waliomshuku Bianco kwamba ni ya kughushi. Mwaka 2000 mpiga mbizi Luc Vanrell akatangaza kuwa ameona vipande vya P-38 katika eneo hilohilo. Ruhusa ya kuvitoa ilichelewa hadi 2003, kwani familia haikupenda kaburi livurugwe, hoja ambayo si rahisi kuipuuza.

Injini ya ndege ya Kijerumani ilikutwa pia hapo, lakini ilikuwa ya ajali nyingine. Jibu lilitoka kwenye kipande cha mfuniko wa injini: baada ya kusafishwa, ilionekana namba 2734 ikifuatwa na herufi L. Kumbukumbu za kiwanda cha Lockheed zilionyesha kuwa ni ndege yenye namba ya jeshi 42-68223, ile aliyoondoka nayo. Aprili 2004 Ufaransa ikathibitisha rasmi.

Hakuna aliyejaribu kuiunda upya. Vipande viko katika jumba la makumbusho la Le Bourget, karibu na Paris, vikiwa vimepinda na kuliwa na chumvi kama vilivyotoka baharini. Havina tundu la risasi, ila ni vichache mno kuthibitisha lolote. Mwaka 2008 rubani wa zamani wa Ujerumani alidai ndiye aliyemwangusha. Wanahistoria wengi hawakuridhika. Mabaki ya mwili wake hayakuonekana.