Bibi Katharine Cook na Wakunga wa Mengo

Safari hii tunawaletea habari za mama aliyefanya kazi Uganda, nchi ambayo wazee wetu wengi wa Buhaya waliiendea kutafuta kazi. Tunamkumbuka kwa sababu hapa Nshamba bado wapo wazazi wasemao kuwa Baiolojia na Kemia ni masomo ya wavulana.

Katharine Timpson alikuwa mwuguzi kutoka Uingereza. Alifika Mengo mwaka 1897 pamoja na wamisionari wa C.M.S., baada ya safari ndefu kutoka pwani, maana reli ilikuwa haijafika ziwani. Mwaka 1900 aliolewa na Daktari Albert Cook, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali hiyo, wakaijenga tena.

Siku zile akina mama wengi walikufa kwa uzazi, na watoto wachanga vivyo hivyo. Ukunga ulikuwa kazi ya wanawake wazima waliokwisha kuzaa. Lakini mwaka 1918 Bibi Cook alianza kuwafundisha wasichana ambao hawajaolewa. Hebu fikirini: binti mdogo amwambie mama wa watoto watano la kufanya! Si ajabu kwamba watu walinung'unika. Hata hivyo, mwaka 1921 shule yao ilifunguliwa rasmi, ikaitwa kwa jina la mke wa Gavana Coryndon.

Wasichana hao hawakufundishwa kufunga vitambaa na kutandika vitanda tu. Walijifunza jinsi mwili ulivyo, mimba inavyokua, na kwa nini mikono na vyombo lazima visafishwe kwa dawa. Tena Bibi Cook na mumewe waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Sisi jambo hili limetupendeza kuliko yote, kwa sababu binti hakulazimika kungoja ajue Kiingereza ndipo aelewe sayansi. Walipofuzu mtihani walipelekwa vijijini kuongoza vituo vya uzazi, mbali na daktari, wakitegemea elimu yao wenyewe. Ni kweli kwamba mwenendo wao ulichungwa mno, na masharti mengine sisi tungeyaona yamezidi.

Mwaka 1931 mafunzo ya uuguzi nayo yalianza Mengo. Bibi Cook alifariki mwaka 1938. Hospitali ya Mengo ingali inafundisha wauguzi na wakunga hadi leo.