Tajfel: Msomi aliyechimbua mzizi wa ubaguzi

IWAPO kuna msomi aliyekuwa na sababu ya kujiuliza ni kwa nini binadamu humbagua mwenzake kwa ajili ya jina la kundi tu, basi ni marehemu Henri Tajfel.

Mwanasaikolojia huyo alizaliwa mnamo Juni 22, 1919 mjini Włocławek, Poland, katika familia ya Kiyahudi. Kwa kuwa vyuo vikuu vya nchi hiyo viliwabana vijana wa Kiyahudi, alienda Ufaransa kusomea kemia. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, aliingia katika jeshi la Ufaransa, na mnamo 1940 akatekwa na Wajerumani.

Alizuiliwa kambini hadi 1945. Muda huo wote alijitambulisha kama Mfaransa, akaficha kwamba alikuwa Myahudi wa Poland. Alitambua kwamba hata mlinzi aliyeelewana naye hangemwokoa lau siri hiyo ingefichuka. Alipoachiliwa, alipata habari kwamba jamaa zake wa karibu wote walikuwa wameangamizwa.

Kemia akaipa kisogo. Kwa miaka kadhaa aliwahudumia mayatima na wakimbizi wa vita, kisha akahamia Uingereza mwaka wa 1951. Alisomea saikolojia katika Chuo cha Birkbeck, London, akafundisha Durham na Oxford, na mnamo 1967 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Bristol.

Huko ndiko alikofanya majaribio yaliyompa sifa, aliyoyachapisha mnamo 1970 na 1971. Yeye na wenzake waliwaonyesha wavulana wa shule, wa miaka 14 na 15, nukta kwenye skrini ili wakadirie idadi yake. Katika jaribio jingine, wavulana walichagua kati ya michoro ya Paul Klee na ya Wassily Kandinsky. Kisha kila mmoja aliambiwa faraghani kundi lake. Kwa hakika, waligawanywa kwa bahati nasibu.

Kila mvulana alitakiwa kuwagawia wenzake wawili alama ambazo zingebadilishwa kuwa pesa. Hakujua ni akina nani, ila makundi yao tu, wala yeye mwenyewe hangejigawia chochote.

Nia ya Tajfel ilikuwa kuanza na makundi matupu, kisha aongeze sababu moja moja mpaka ubaguzi uzuke. Hakuhitaji kuongeza kitu. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. Ajabu zaidi, hata palipokuwa na njia ya wote wawili kupata zaidi, wengi waliegemea hesabu iliyompunja mwenzao, almradi amzidi yule wa kundi la pili.

Kabla ya hapo, wataalamu wengi walidai kuwa ubaguzi hutokana na hulka ya mtu au kung'ang'ania mali. Mnamo 1979, Tajfel na John Turner walifafanua kwamba mtu hupata sehemu ya heshima yake kutoka kwa kundi lake, hivyo hutaka lionekane bora kuliko mengine.

Tajfel alifariki Mei 3, 1982, akiwa na umri wa miaka 62. Mnamo 2019, chama cha wanasaikolojia jamii wa Ulaya kiliondoa jina lake kwenye tuzo yake kufuatia madai kwamba aliwanyanyasa wanawake kingono.

Hata hivyo, matokeo yake yangali yanafundishwa vyuoni. Aghalabu husahaulika kwamba wavulana wale hawakujigawa wenyewe. Waligawanywa na watu wazima waliowaamini, nao waliwaficha kwamba makundi hayo hayakuwa na msingi wowote.