Joe Kennedy: Alikuwa na Haki ya Kurudi Nyumbani

Wengi tunalijua jina la John F. Kennedy, rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani. Leo nataka niwasimulie habari za kaka yake, Joseph Kennedy Mdogo, ambaye kwao walimwita Joe tu. Huyu ndiye baba yao alimtegemea kuwa rais. Simleti hapa kama mtakatifu, maana hakutangazwa. Ila kila nikisoma maisha yake, kuna kitu kinanigusa.

Joe alizaliwa tarehe 25 Julai 1915, wa kwanza kati ya watoto 9. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Harvard alicheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukumbatiana na kuangushana. Pale mchezaji alipewa herufi H ya heshima akiingia uwanjani kwenye mechi dhidi ya Yale. Mwaka 1937, nafasi yake ya mwisho, Joe alikaa benchi mpaka kipenga kikalia. Kocha hakumwingiza. H akaikosa.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulificha. Mwaka 1934, akiwa na miaka 18, aliitembelea Ujerumani ya Hitler, akamwandikia baba yake barua ya kuisifu sheria ya kuwafunga uzazi watu kwa nguvu, wakiwemo wenye ulemavu wa akili. Yaani kijana Mkatoliki, tena ambaye dada yake mwenyewe, Rosemary, alikuwa na ulemavu huo!

Mwaka 1941 aliacha masomo ya sheria kabla ya kumaliza, akajiunga na Jeshi la Majini, akawa rubani. Kutoka Dunkeswell, Uingereza, alirusha Liberator, ndege ya mabomu yenye injini 4, kusaka nyambizi za Wajerumani. Mei 1944 mdogo wake Kathleen alifunga ndoa ya bomani na Mwanglikana jijini London. Mama yao aliumia sana, na sisi Wakatoliki tunaelewa kwa nini. Katika ndugu wote, ni Joe peke yake aliyesimama na dada yake siku ile.

Joe alimaliza idadi ya safari za vita alizopangiwa. Angeweza kufungasha akaenda zake. Badala yake akajitolea kwa kazi moja zaidi, ya hatari kweli. Liberator ilipakiwa zaidi ya tani 9 za vilipuzi. Marubani wawili waipaishe, watayarishe vilipuzi, waruke kwa parachuti, kisha ndege nyingine iiongoze kwa redio hadi Mimoyecques, Ufaransa, ambako Wajerumani walijenga mizinga ya kuipiga London.

Tarehe 12 Agosti 1944, Joe na mwenzake Wilford Willy walipaa kutoka Fersfield. Kabla hawajaruka, ndege ikalipuka juu ya Suffolk. Miili haikupatikana. Joe alikuwa na miaka 29. Kesho yake, Jumapili, mapadre wawili walifika nyumbani kwao Hyannis Port na habari ile.

Kinachouma zaidi ni kwamba ngome ile ilikuwa imeshaharibiwa na mabomu ya Waingereza mwezi Julai. Wakubwa wake hawakujua.

Sasa, alikufa bure? Wapo wanahistoria wanaosema alikuwa akishindana na John, ambaye tayari alikuwa shujaa wa vita. Inawezekana. Hata sisi tunapojitolea parokiani, mara nyingine tunapenda kuonekana. Mungu hapokei sadaka safi tu. Anapokea tulichonacho na kukisafisha.

Mwaka 1946 wazazi wake walianzisha mfuko kwa jina lake, na mfuko huo ukaja kuwahudumia watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1968, kwa msaada wa mfuko huo, dada yake Eunice alianzisha Special Olympics kule Chicago, michezo ambayo leo ipo hata Tanzania na Kenya. Hebu fikiri: ni watu walewale ambao Joe aliwahi kusifu sheria ya kuwaumiza. Jina lake likawaingiza uwanjani watu ambao hakuna kocha aliyewahi kuwaita.

Ndugu yangu, matunda ya sadaka yako hutayachagua wewe. Wewe toa tu. Wiki hii mtafute mmoja kwenye jumuiya yenu ambaye huwa haitwi, kaa naye. Na usiku ukisali, wakumbuke Joe na Willy.