Ian Curtis, Mwimbaji wa Joy Division

Ian Curtis alizaliwa tarehe 15 Julai 1956 huko Stretford, karibu na Manchester katika Uingereza, akalelewa Macclesfield, mji uliojulikana kwa viwanda vya hariri. Baba yake alikuwa askari polisi wa reli. Alipokuwa na miaka 11 alipata nafasi katika King's School, shule kongwe ya mji ule, lakini alipenda mashairi na santuri kuliko masomo ya darasani. Alioa mwaka 1975, akiwa na miaka 19, yaani umri wangu mimi ninayeandika.

Kazi yake ilikuwa ukarani katika ofisi ya serikali ya kuwatafutia watu kazi, na fungu lake lilikuwa kuwasaidia wenye vilema na wagonjwa. Miongoni mwa waliomjia alikuwamo msichana mwenye kifafa. Msichana yule akaacha kuja, na baadaye Curtis akapata habari kwamba amekufa kwa ugonjwa huo. Akamtungia wimbo. Wakati ule hakujua kwamba ugonjwa ule ungempata na yeye.

Mwaka 1976 alikutana na vijana wawili wapiga magitaa, Bernard Sumner na Peter Hook, waliokuwa wakitafuta mwimbaji, na mwaka uliofuata wakampata Stephen Morris wa kupiga ngoma. Tangu mwaka 1978 bendi yao iliitwa Joy Division. Muziki wao haukuwa wa kufurahisha harusi. Ulikuwa mzito, wa huzuni, na Curtis aliuimbia kwa sauti nene ya chini kama mtu azungumzaye peke yake usiku.

Tarehe 27 Desemba 1978, walipokuwa njiani wakirudi kutoka London, kifafa kilimshika ndani ya gari. Waganga wakampa dawa, lakini hazikukizuia.

Sasa lazima nieleze namna alivyocheza. Jukwaani aliirusha mikono upesi upesi, macho yamemtoka, na watu walikuja kwa wingi kumtazama. Mchezo huo ulifanana mno na ugonjwa wake, hata kifafa cha kweli kilipokuja watazamaji hawakuweza kutambua. Tarehe 4 Aprili 1980, katika ukumbi wa Rainbow huko London, taa za kumetameta ziliwashwa ingawa ilikuwa imekatazwa. Akaangukia ngoma za Morris, akabebwa kutolewa. Wengi walidhani ni sehemu ya maonyesho. Kwetu mtu akianguka kifafa wako wanaokimbia wasimguse. Kule walisimama wakitazama. Sioni kuwa hiyo ni afadhali. Usiku ule ule alikwenda kuimba mahali pengine, na siku nne baadaye, mjini Bury, aliweza kuimba nyimbo mbili tu. Waliolipa kiingilio wakakasirika, wakarusha chupa.

Santuri yao kubwa ya kwanza, Unknown Pleasures, ilitoka Juni 1979. Fundi wake, Martin Hannett, aliisafisha sauti hata ikawa kama inatoka mbali, na Sumner na Hook hawakuipenda, kwa kuwa mbele ya watu walipiga kwa ukali zaidi. Basi atakaye kuujua ukali ule asikilize kanda za maonyesho yenyewe. Ile ya Paris ya tarehe 18 Desemba 1979 ni nzuri sana. Ile ya Preston ya Februari 1980 ina makelele na vyombo vinaharibika katikati ya nyimbo, lakini wanaendelea kupiga.

Ya mwisho ilinaswa katika Chuo Kikuu cha Birmingham tarehe 2 Mei 1980. Walianza kwa wimbo mpya, Ceremony, na mwanzoni sauti ya Curtis haisikiki vizuri. Tarehe 18 Mei, siku moja kabla ya safari ya Marekani, alijiua nyumbani kwake Macclesfield. Alikuwa na miaka 23, na aliacha mke na mtoto mchanga wa kike.

Kanda ya Birmingham ilitolewa Oktoba 1981 katika santuri iitwayo Still. Wenzake watatu walitaka kuuimba Ceremony, lakini hawakuwa na maneno yake yaliyoandikwa. Iliwabidi wakae wasikilize kanda iliyobaki, wakirudia na kurudia, wakitafuta neno moja moja katika sauti yake. Wakautoa mwaka ule ule kwa jina jipya la bendi yao, New Order.